Kabla Gari Halijavuka Reli

Ndugu zangu abiria, madereva na makonda, nina ombi kuhusu kile kipande kifupi cha barabara tunachokipita bila hata kukitazama: pale lami inapokatwa na reli, yaani kwenye kivuko cha reli.

Tarehe 29 Novemba 2023 basi la abiria liligongana na kichwa cha treni wilayani Manyoni, mkoani Singida, na watu 13 wakapoteza maisha. Miaka 10 nyuma yake, tarehe 30 Oktoba 2013, asubuhi watu wakiwahi kazini, treni ililigonga basi pale Mutindwa, upande wa Umoja, Nairobi, wakafa zaidi ya 10. Agosti 2025 msiba kama huo ukawafika wafanyakazi waliokuwa ndani ya basi huko Naivasha. Mara zote tatu gari lilikuwa limejaa watu ambao hawakushika usukani. Walikaa kwenye viti vyao, wengine pengine wakisinzia, wakamwachia mtu mmoja aamue kwa niaba ya wote kama reli i salama. Ndiyo maana leo naanza na abiria, ingawa dereva ndiye mwenye wajibu wa kwanza.

Treni haikwepi, na wala haisimami kama gari. Gurudumu lake ni chuma linalobingirika juu ya chuma, na ule utelezi ndio unaokiwezesha kichwa kimoja kuvuta mabehewa mengi yenye mizigo mizito. Utelezi huohuo ndio unaoinyima treni breki ya ghafla. Treni ya mizigo iliyoshika kasi huhitaji mamia ya mita ili isimame, na ile nzito zaidi yaweza kupita kilomita nzima. Basi likishaingia relini mbele yake, dereva wa treni amebakiwa na honi na breki ya dharura tu, kisha hukaa pale mbele akitazama kitakachotokea. Huyu naye ni mzazi wa mtu, na tunamsahau kila ajali inapotangazwa.

Macho yetu nayo hutuponza. Mwaka 1985 mwanasaikolojia Mmarekani, Herschel Leibowitz, alieleza kwamba kitu kikubwa huonekana kinakwenda polepole kuliko mwendo wake halisi, kama ndege kubwa inavyoonekana kuelea inapokuja kutua. Dereva anayesema "niliiona ikiwa bado mbali" huenda anasema kweli kabisa. Aliiona, akakosea kukadiria mwendo. Basi asikadirie. Asimame, azime muziki, afungue dirisha, atazame pande zote mbili, na asiingie relini mpaka aone ng'ambo kuna nafasi ya gari lake zima. Foleni imewakwamisha wengi juu ya reli kwa sababu tu walifuata gari la mbele. Gari likizimikia hapo, washuke wote mara moja na kuacha mizigo. Kama treni inakuja, waondoke relini wakielekea upande inakotokea, kwa mshazari, kwa kuwa vipande vya gari likigongwa hurushwa kule treni inakoelekea. Jambo hili wachache wamewahi kuambiwa. Mwambie na mwanao.

Hayo ni ya dereva na abiria. Sasa nije kwenye kamera za kufungwa kwenye treni, maana hapa kuna kazi ya wakubwa. Kila baada ya ajali tunasikia maneno yaleyale. Mmoja anasema honi haikupigwa, mwingine anasema ilipigwa. Dereva wa basi alikuwa mzembe, la, ni treni iliyokuwa na mwendo mkali. Wiki mbili zikipita tumeshazika, tumenyamaza, na kivuko kiko vilevile. Kamera iliyofungwa nyuma ya kioo cha mbele cha kichwa cha treni, pamoja na kifaa kinachohifadhi kumbukumbu za mwendo, breki na honi, humaliza ubishi huo na kutuachia muda wa kuuliza swali lenye faida: kivuko hiki kina kasoro gani?

Tarehe 27 Juni 2022, karibu na mji mdogo wa Mendon, jimbo la Missouri nchini Marekani, treni ya abiria iliyotoka Los Angeles kwenda Chicago ililigonga lori kwenye njia ya vumbi. Walikufa watu 4, dereva wa lori akiwemo, na wengi sana wakajeruhiwa. Kumbukumbu za treni zilionyesha kwamba mwendo wake, kama kilomita 140 kwa saa, ulikuwa ndani ya kiwango kilichoruhusiwa, na kwamba honi ilipigwa. Wachunguzi wakageukia barabara. Ilipanda reli kwa mwinuko mkali na kwa pembe iliyomzuia dereva wa lori kuona vizuri. Hapakuwa na taa wala geti, ni vibao tu. Wenyeji walikuwa wamelalamika kabla ya siku ile. Kivuko kile kikafungwa kabisa.

Uchungu wangu uko kwenye malalamiko hayo ya wenyeji. Kabla ya ajali moja kubwa huwa kuna siku nyingi za nusura: bodaboda iliyochomoka sekunde ya mwisho, daladala iliyorudi nyuma kwa hofu. Dereva wa treni huziona, akisimulia huambiwa pole, basi. Kamera ikiziona, zinahesabika, na kivuko chenye nusura nyingi kinajulikana kabla hakijaua.

Marekani ilitoa kanuni Oktoba 2023 kuzitaka treni za abiria zifungwe kamera za kutazama nje na za kutazama ndani ya chumba cha dereva, na picha za saa 12 za mwisho zihifadhiwe kwenye kifaa kinachostahimili ajali. Treni za mizigo hazikulazimishwa, na hapo naona walikosea. Kamera ya ndani ina sababu yake: mwaka 2008 huko Chatsworth, California, dereva aliyekuwa akituma meseji alipita taa nyekundu, wakafa watu 25. Hata hivyo, hofu ya wafanyakazi ya kuchungwa kutwa nzima ni ya haki, na sheria lazima iseme nani anaruhusiwa kuzitazama picha hizo na kwa sababu gani. Kamera ya nje haina ubishi huo. Inamlinda dereva.

Turudi kwenye vivuko vyenyewe. Reli mpya za kisasa (SGR), ya Kenya na ya Tanzania, zilijengwa zikiwa na madaraja ya kupitia juu na chini, na huo ni uamuzi wa kupongezwa. Lakini reli ya zamani, iliyofika Kigoma mwaka 1914, bado inapita katikati ya maisha yetu. Nenda Tabata Relini, jijini Dar es Salaam, uone. Ilipofika mwanzoni mwa 2019, India ilikuwa imemaliza vivuko vyote visivyo na mlinzi katika reli zake pana, kwa kuvifunga, kujenga madaraja au kuweka walinzi. Nchi yenye reli nyingi hivyo imeweza.

Kwa hiyo nawaomba wenye mashirika ya reli: kama kamera ipo kwenye kichwa cha treni, picha zake zitumike kukarabati vivuko, na kama haipo, ifungwe. Kila kivuko kiwe na namba yake na simu ya kupiga gari likikwama, ili treni isimamishwe mapema. Wabunge wetu, ulizeni bungeni ni vivuko vingapi havina geti katika majimbo yenu. Wenyeviti wa mitaa, vichaka na vibanda vinavyoziba macho ya dereva viko ndani ya uwezo wenu, hata wiki hii.

Na wewe abiria, basi lako likifika relini bila kupunguza mwendo, usione haya. Paza sauti umwambie dereva asimame, na sisi tulioketi nawe tutakuunga mkono.