Sare za Shule na Cherehani za Ukambani

Mwaka wa 2020, korona ilipobisha hodi nchini, kiwanda cha KICOTEC huko Syongila, Kitui, kilichoanzishwa na serikali ya kaunti chini ya Gavana Charity Ngilu, kiligeuka kutoka sare hadi barakoa. Punde kikawa kinatoa takriban 30,000 kwa siku. Wengi walisifu wingi huo. La kuzingatiwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ule wepesi wa kugeuka.

Wepesi huo ndio ambao mitambo ya kidijitali inauongezea nguvu. Katika uchapaji wa zamani kila rangi ilihitaji fremu yake, na gharama ya fremu haikurudi ila kwa kuchapa mamia ya mita. Printa ya kidijitali haihitaji fremu; mita ya kwanza na ya mia hugharimu karibu sawa. Kadhalika mchoro wa ukataji ukiwa ndani ya kompyuta, vipimo hubadilishwa bila kuchora upya. Hata hivyo, tusidanganyane: kwa oda ya maelfu ya mita mbinu ya zamani bado ni nafuu, kwa kuwa wino ni ghali na printa ni ya polepole.

Lakini ni nani mwenye oda ndogo kuliko mwalimu mkuu wa Mwingi au Wote? Wanafunzi wake ni 300, rangi ni za shule yake pekee, nembo kadhalika, na vipimo ni vya mtoto wa miaka sita hadi wa kumi na minne. Kiwanda kikubwa hakina haja naye.

Swali ni hili: mchoro utahifadhiwa na nani? Ukibaki kwa mfanyabiashara wa Nairobi, fundi wa Mutomo atazidi kuwa kibarua wa kuunga vipande. (Ukambani, iliyokwisha kuona viondo vyake vikiigwa ng'ambo, haihitaji kuelezwa hasara hiyo.) Kaunti hizi mbili zingeweka mashine ya kukatia katika vyuo vyao vya ufundi, mafundi wakailipia kwa saa, na wanafunzi wakajifunza kuiendesha kwa oda za kweli. Nazo kamati za shule, kabla ya kutia sahihi mkataba wa sare za Januari, zidai mchoro uwe mali ya shule, ili mwaka ufuatao fundi yeyote aweze kuushona.