KONA YA KOMPYUTA: Skrini mbili, kompyuta moja

Juzi kijana mmoja kanijia amekasirika. Kanunua waya wenye vichwa viwili, kaunganisha skrini mbili, na zote zinaonyesha kitu kilekile! Pole ndugu yangu, waya wako ni mzima. Kazi yake ndiyo hiyo, kugawa picha moja mara mbili.

Kabla ya kutoa pesa, tazama nyuma ya kompyuta. Tundu la skrini, lile lenye vitobo 15, mara nyingi la buluu, likiwa moja tu, utahitaji kadi ya picha ya kuchomeka ndani. Chomoa umeme, fungua, angalia nafasi iliyopo ni ya aina gani, maana si kila kadi inaingia. Tena chukua kadi yenye matundu mawili. Kompyuta nyingi za zamani zikiona kadi mpya zinazima lile tundu la kwanza.

Kwenye Windows XP, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi penye nafasi tupu, fungua sifa, kisha mipangilio. Bofya skrini namba 2, weka tiki ya kutandaza. Basi: barua ya Kifaransa huku, tafsiri unachapa kule.

Wenye sola, hesabuni kwanza. Skrini nene ya inchi 17 hula kama wati 80, nyembamba haifiki hata nusu. Na hiyo nene usiifungue, hata ikiwa imezimwa. Umeme mkali hubaki ndani.