Majimaji ya upasuaji: Hatari iko kwenye kifuniko cha chupa

KILA upasuaji mkubwa unapomalizika, hubaki chumbani kitu ambacho ndugu wa mgonjwa wanaosubiri nje hawakioni. Ni chombo cha plastiki, au chupa nzito ya kioo, kilichojaa damu, maji yaliyotumika kuosha kidonda, makohozi au maji ya uzazi. Majimaji hayo yamevutwa kutoka mwilini na mashine ya kunyonya, nayo huweza kufika lita mbili au tatu kwa mgonjwa mmoja.

Daktari akishavua glovu, chombo hicho huwa mali ya mtu mwingine. Mara nyingi ni mhudumu wa wodi au mfanya usafi, ambaye pengine ameajiriwa na kampuni ya nje iliyoshinda zabuni ya usafi. Yeye ndiye anayetakiwa kukiondoa, na kabla ya hapo, katika hospitali nyingi, kutia ndani yake dawa ya kuua vijidudu au unga wa kugandisha.

Nia ya kutia dawa ni njema. Majimaji yaliyogandishwa hayamwagiki njiani, na yaliyotibiwa yanatarajiwa kuwa na vijidudu vichache zaidi. Hata hivyo, swali ambalo halipewi uzito unaostahili ni hili: dawa yenyewe inaingiaje ndani ya chombo?

Njia iliyozoeleka ni kufungua kifuniko na kumimina. Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko hatua nyingine zote. Chombo kilichojaa karibu na ukingo, kikifunguliwa kwa nguvu, hutikisika na kurusha matone. Mvuto wa hewa usipozimwa kwanza, mpira ukichomolewa huweza kurusha damu iliyobaki ndani yake. Dawa ikimiminwa kwa kasi, majimaji huruka juu, nako juu ndiko uliko uso wa mhudumu. Kwa maneno mengine, kitendo kilichokusudiwa kumkinga ndicho kinachomkutanisha na damu.

Takwimu za Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC) zinaonyesha kuwa uwezekano wa kuambukizwa VVU kwa damu iliyorukia jicho au mdomo ni wastani wa asilimia 0.09, na kwa kuchomwa na sindano ni asilimia 0.3. Ni kiwango kidogo, lakini VVU si hofu pekee. Virusi vya homa ya ini aina B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, na asiye na kinga akichomwa na sindano yenye virusi hivyo, uwezekano wa kuambukizwa ni kati ya asilimia 6 na 30. Chanjo ya homa hiyo iliingizwa katika ratiba ya watoto wachanga nchini Tanzania mwaka 2002. Mfanya usafi mwenye umri wa miaka 40 hakuipata utotoni, na kama mwajiri wake hakumchanja, hana kinga ya chanjo.

Vyombo vya kisasa vimetengenezwa kwa kulizingatia tatizo hili. Kifuniko chake hakifunguliwi kabisa. Kina tundu la mpira wa mgonjwa, tundu la mpira wa mashine, na tundu jingine pana lenye kizibo. Dawa huja katika chupa ndogo ambayo mdomo wake unaingia sawasawa katika tundu hilo. Utaratibu hauna ugumu: mvuto wa hewa unazimwa, mipira inaondolewa taratibu, dawa inatiwa polepole kupitia tundu pana, matundu yote yanazibwa, kisha chombo kinaachwa kimesimama kwa muda uliotajwa na mtengenezaji. Hakitikiswi ili kuharakisha kazi. Miwani ya kukinga macho, barakoa, glovu na aproni isiyopitisha maji huvaliwa tangu mwanzo, si baada ya tone la kwanza kuruka.

Baadhi ya watengenezaji huruhusu unga uwekwe kabla ya upasuaji kuanza, chombo kikiwa bado kitupu na kikavu. Pale inaporuhusiwa, njia hii ni bora zaidi, kwa sababu hakuna anayekaribia damu akiwa na chupa ya dawa mkononi.

Kuhusu dawa zenyewe, yapo mazoea yanayohitaji kuhojiwa. Klorini, ambayo wengi wetu tunaiita jiki, ni nafuu na inapatikana kila mahali. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kuhusu taka za hospitali ulikwisha kueleza kuwa klorini ya asilimia 0.5, inayotegemewa kusafishia sakafu na vifaa, haifai kutibu majimaji yenye uchafu mwingi wa kimwili kama damu. Protini za damu huimaliza nguvu kabla haijavifikia vijidudu. Isitoshe, ikichanganyika na mkojo huweza kutoa hewa kali inayowasha macho na mapafu. Kuongeza kikombe cha jiki katika lita mbili za damu ni faraja zaidi kuliko tiba.

Unga wa kugandisha nao una mambo yake. Kwa kawaida ni kemikali ya jamii ile ile inayonyonya mkojo katika nepi za kutupa. Hufyonza maji mengi ajabu, ila uwezo huo hupungua maji yakiwa na chumvi, na maji ya kuoshea vidonda ni ya chumvi. Kipimo kilichotosha kwa maji ya bomba hakitatosha chumba cha upasuaji. La muhimu zaidi, kuganda si kufa kwa vijidudu. Unga usio na dawa ya kuua vijidudu hubadilisha umbo la taka tu, na uji huo mzito unabaki kuwa taka hatarishi.

Uingereza imejifunza upande mwingine wa unga huo kwa gharama ya maisha. Mwaka 2017 mamlaka za huduma za afya za nchi hiyo zilitoa tahadhari baada ya wagonjwa kumeza chembechembe zilizoachwa karibu na vitanda, ambazo huvimba kooni na kuziba njia ya hewa. Mwaka 2019 zilitoa tahadhari ya pili, zikitaka matumizi yake wodini yawekewe mipaka mikali. Pakiti za unga, basi, mahali pake ni kabati lenye kufuli.

Halafu kuna tanuri. Uji uliogandishwa bado ni maji kwa sehemu kubwa, na tanuri dogo la hospitali ya wilaya hupoteza joto na mafuta mengi kuuchoma. Chombo kikiwa cha plastiki yenye klorini, moshi wake hubeba sumu za dioksini. Kwa upande mwingine, miongozo ya CDC ya mwaka 2003 inaruhusu majimaji yaliyonyonywa kumwagwa katika mfumo wa majitaka, ilimradi sheria za mahali husika zinaruhusu. Lakini sehemu kubwa ya Dar es Salaam haijaunganishwa na mfumo huo, na shimo la kawaida la hospitali si mbadala wake.

Wapo watakaosema vyombo vya kutumika mara moja ni anasa kwa hospitali inayohangaika kupata nyuzi za kushonea. Hoja hiyo ina uzito. Lakini gharama ya chupa ya kioo inayofunguliwa na kuoshwa kila siku haionekani katika hesabu za manunuzi, kwa sababu anayeilipa hayumo katika kamati. Marekani ilitunga sheria mwaka 2000 inayowalazimisha waajiri kupata maoni ya wafanyakazi wa chini, wanaovigusa vifaa, wakati wa kuchagua vifaa vya kuwakinga na sindano na vitu vingine vyenye ncha kali. Hakuna kinachozuia kamati za zabuni za hapa kufanya hivyo kwa chupa za kunyonyea.

Hospitali itakayoendelea na chupa za kioo inaweza kuanza na hatua zisizo na gharama kubwa: kuzibadilisha zikifika robo tatu badala ya kusubiri zijae, kumimina polepole mdomo wa chupa ukiwa karibu kabisa na sinki la taka, na kutoa miwani kwa kila anayezibeba. Chanjo ya homa ya ini, ambayo hutolewa kwa dozi tatu, inapaswa kumfikia hata yule ambaye jina lake liko katika orodha ya mishahara ya kampuni ya usafi.