Mkataba wa Msitu Uanzie Jikoni

Tangu Sheria ya Misitu Namba 10 ya mwaka 1996 ilipofungua njia ya wananchi kusimamia misitu ya maeneo yao, shehia kadhaa za Unguja na Pemba zimefunga mikataba na Serikali. Mradi wa HIMA, uliofanyika kati ya 2010 na 2014 kwa fedha za Norway, uliipa kazi hiyo sababu mpya: mti ulioachwa usimame huzuia hewa ya ukaa isipande angani, na anayeutunza astahili malipo. Nia hiyo ilikuwa njema. Lakini mkataba unaofunga msitu bila ya kuuliza chungu cha mwanakijiji kitachemka kwa kitu gani ni nusu ya mkataba.

Hesabu yenyewe iko wazi. Karibu nusu ya uzito wa kuni kavu ni kaboni, na kilo moja ya kuni hizo ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya hewa ya ukaa. Kisiki kikichipua, hewa hiyo hurudi kidogo kidogo katika mti mpya. Hatari huja pale ukataji unapoupita uotaji, hasa katika uwanda wa maweni, ambako udongo ni haba na miti hukua taratibu. Hapo ndipo chovya chovya humaliza buyu la asali.

Lawama hii asitwikwe mama wa kijijini peke yake. Yeye mara nyingi huokota matawi makavu, makumbi na vifuu. Makaa ndiyo yanayokula msitu zaidi: katika tanuri la udongo, kilo tano hadi kumi za kuni huishia kilo moja ya makaa, na soko lake kubwa ni mjini.

Shehia moja inapofunga msitu wake na mahitaji yakabaki yale yale, shoka huhamia kwa jirani. Kamati huhesabu miti iliyosalimika kwake, wala haihesabu iliyoanguka ng'ambo. Hewa ya ukaa haijui mpaka wa shehia. Na mwanamke asiye na uwezo wa kununua nishati nyingine hulazimika kutembea mwendo mrefu zaidi.

Kwa hiyo tunasema: kila mkataba utenge eneo la kuni, lipandwe mivinje na mikesia kabla msitu haujafungwa. Majiko banifu yafike vijijini pamoja na mafundi wa kuyatengeneza. Palipo na mapato ya watalii, kama Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka iliyotangazwa mwaka 2004, fungu la vijiji lisaidie nishati ya jikoni. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Lengo hilo litakuwa maneno matupu iwapo mtungi wa gesi hautafika Makangale na Ukongoroni kwa bei ambayo mkulima na mvuvi wanaimudu.

Wananchi waliokubali kuuacha msitu usimame wamekwisha kutoa sehemu yao. Watendaji wa Serikali hawana budi kutoa ya kwao, na sisi tulio mjini tupunguze gunia la makaa.