Kapi Bovu Si Urithi

Kuna sentensi moja nimeichoka: "Msibadilishe, mtaharibu asili." Nimeisikia kwa Kiingereza, nimeisikia kwa Kiswahili cha Nairobi, na nimeisikia kwa Kiswahili cha pwani kutoka kwa watu ambao walipaswa kujua zaidi. Msemaji kwa kawaida amesimama ufukweni na simu mkononi, anapiga picha mashua iliyopandishwa mchangani, huku fundi aking'oa kapi la mbao lililopasuka ili aweke jipya. Mpiga picha anahuzunika. Anaona historia ikitupwa. Hajiulizi ni nani atakayekuwa amekaa chini ya hilo kapi likiachia usiku, katikati ya mkondo.

Msimu mmoja wa kusi nilikaa Matondoni, kisiwani Lamu, nikimsaidia ami yangu kukarabati mashua yake. Kusi ikichacha bahari haina utani, na wengi hutumia muda huo kupandisha vyombo pwani na kuvitengeneza. Kazi yangu ilikuwa kushika, kuchomoa, kusugua na kutumwa. Lakini ukichomoa kitu kwa mikono yako unakijua kuliko aliyekiona kwenye picha. Tulitoa makapi yote, kamba za kupandishia tanga, pete za chuma za mlingotini, vyuma vinavyoushika usukani nyuma ya chombo, na misumari ya sitaha ya mbele, ambayo mingine ilikuwa imebaki kutu tupu yenye umbo la msumari. Unaigusa, inavunjika kama biskuti.

Kwa wenzangu wa bara, wacha nieleze kapi ni nini, maana neno "makapi" wengi tunalijua la nafaka tu. Kapi ni kile kigurudumu ndani ya kibao ambacho kamba hupita. Mashua hubeba foromali, gogo refu lililofungiwa tanga, karibu urefu wa chombo chenyewe. Gogo hilo huvutwa hadi juu ya mlingoti kwa kamba inayopita kwenye makapi, na likishafika huko linaning'inia juu ya vichwa vya watu safari nzima. Ukitaka kugeuza chombo, mara nyingine lazima foromali lizungushwe kutoka upande mmoja wa mlingoti hadi mwingine, watu wakikimbia na kamba, upepo ukipiga.

Sasa chukua kapi la zamani. Gurudumu limelika upande mmoja, halizunguki tena. Kamba ambayo ilipaswa kubingirika inakwaruzwa. Kila ukivuta, unaikata kidogo. Kwa nje kamba inaonekana fiti, kumbe ndani nyuzi zimeisha. Siku itakayokatika haitachagua siku ya shwari, kwa sababu siku ya shwari haibebi mzigo. Itakatika tanga likiwa limejaa, na foromali litakuja chini palipo na watu. Hicho ndicho kitu unachoniambia nikihifadhi, bana?

Hata hiyo "asili" inayoliliwa, tuulizane ni ipi. Mababu wa visiwa hivi waliunda mtepe, chombo kilichoshonwa mbao kwa mbao kwa kamba za nazi, bila msumari, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Katika karne ya 20 mtepe ulitoweka baharini, na leo ukitaka kuuona unatafuta mfano wake makumbusho. Tangu lini basi msumari ukawa asili? Tanga la mkeka liliondoka, likaja la kitambaa cha pamba. Katika karne ya 19 pwani hii ilijaa marekani, kitambaa kilichopewa jina la nchi kilikotoka. Hata maneno yenyewe yalipanda chomboni njiani: kapi lina jina jingine, roda, nalo ni neno la Kireno la gurudumu. Nahodha ametoka Uajemi. Kila kizazi kilitazama kilichofika bandarini, kikachukua kilichofaa, kikaacha kisichofaa. Sasa ghafla kizazi hiki pekee ndicho kimeambiwa kisimame hapo hapo kama sanamu, ili picha itoke vizuri.

Wenye hoja hii huniletea UNESCO. Sawa. Mji wa Kale wa Lamu uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na mimi nafurahi. Lakini nenda ukaangalie nyumba hizo zenyewe. Dari zake hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ikioza hubadilishwa, la sivyo dari inakuangukia. Hakuna mtu anayelala chini ya boriti iliyooza akisema analinda utamaduni. Kama nyumba ya mawe, isiyokwenda popote, inaruhusiwa kubadilishiwa viungo, kwa nini chombo kinachobeba watu baharini kinyimwe?

Msinielewe vibaya. Sisemi kila kipya ni kizuri. Nikiwa na hasira na wapiga picha, nina hasira mara mbili na wauzaji wa vitu vinavyong'aa. Ami alinunua pete na bolti kwenye duka moja la mjini, akaambiwa ni stenlesi ya baharini, hazishiki kutu maisha. Kabla ya msimu kwisha zilikuwa zinatoa madoa ya kahawia kama chai. Stenlesi si kitu kimoja. Ile ya kawaida, inayoitwa 304, inafaa sinki ya jikoni. Ile ya baharini, 316, imeongezwa asilimia 2 hadi 3 za molibdeni, na hiyo ndiyo inayoisaidia kustahimili chumvi. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Muuzaji anajua hivyo, ndiyo maana anatabasamu.

Na hata hiyo nzuri ina masharti. Stenlesi inahitaji hewa ili ngozi yake nyembamba ya kinga ijirudishe. Ukiifukia ndani ya ubao uliolowa maji ya chumvi, inaweza kuliwa kimya kimya kwenye shina huku kichwa cha bolti kikikung'alia juu ya sitaha. Ukigusanisha metali mbili tofauti kwenye maji ya bahari, moja inamla mwenzake. Msumari uliopakwa zinki ukikaa ubavuni mwa pete ya stenlesi, zinki ndiyo inayokwisha kwanza, halafu zamu ya chuma kilichokuwa chini yake. Pete inayobeba mzigo haifungwi kwa skrubu fupi zilizouma ubao wa juu pekee. Hupitishwa bolti hadi chini, ikawekwa ubao mpana au bamba la kusambaza nguvu, ndipo nati ikazwe. Na kila tundu unalotoboa kwenye sitaha ni mlango wa maji ya mvua. Usipoliziba vizuri, umeleta chuma kipya na umeanzisha uozo mpya.

Kamba nazo ni vivyo hivyo. Nailoni hunyooka ikivutwa, na hiyo ni sifa nzuri kwa kamba ya nanga, maana inameza mshtuko wa mawimbi. Kwa kamba ya kupandishia tanga ni balaa: unaikaza asubuhi, adhuhuri tanga limelegea. Hapo polista inafaa zaidi, kwa kuwa hainyooki sana. Na kamba nene kuliko mfereji wa kapi haipiti vizuri hata ingekuwa ya dhahabu.

Ndiyo maana nasema swali la "kienyeji au kisasa" ni swali la watu wasio na kazi. Fundi wetu hakuliuliza hata siku moja. Alichukua kila kapi, akalizungusha karibu na sikio, akasikiliza. "Hili limekufa," akatupa kulia. "Hili lina uhai," akaweka kushoto. Ya kushoto yalikuwa ya mbambakofi, mengine ya zamani kuliko mimi, na aliyapaka shahamu akayarudisha mlingotini bila wasiwasi. Makapi ya plastiki aliyoletewa, mawili aliyakataa. "Hili likiharibika kisiwani, nalifungua vipi?" Lilikuwa limefungwa kiwandani, halina njia ya kuingia. Kapi la mbao likichoka atachonga gurudumu jingine kwa patasi, amekaa chini ya mnazi. Lile la plastiki likichoka ni takataka. Kwa hiyo ya kale mengine yalishinda mapya, na mapya mengine yakashinda ya kale, na aliyeamua ni mtu mwenye sikio na ujuzi.

Kwangu mimi, huo ndio urithi. Kapi ni mbao. Sikio linalojua kapi limekufa au li hai ndilo lililochukua vizazi kutengenezwa, na hilo huwezi kulitundika ukutani. Nasema ukutani kwa sababu najua baadhi ya hayo yaliyotupwa kulia huenda wapi. Kuna mgahawa Nairobi nimekaa nikala chini ya kapi la jahazi, limepigwa vanishi na kuwekewa taa. Wasee wanalipiga picha. Hakuna kibao kinachosema lilichongwa wapi wala na nani. Poa, litundikeni, halina kazi nyingine. Ila kinachoniudhi ni kuona pesa zikipatikana kwa kapi lililokufa, huku fundi anayeweza kutengeneza lililo hai akingoja malipo ya kazi ya mwaka jana.

Kuna pingamizi moja nitaliheshimu, kwa sababu ni la kweli. Kamba ya nazi au ya katani ikitupwa huoza ikarudi udongoni. Nailoni na polista hubaki, hukatikakatika, huingia baharini, na sisi tunaishi kwa samaki. Hili silipuuzi. Jibu langu ni kwamba kamba kuukuu irudi nchi kavu kama ilivyokwenda, isikatwe na kurushwa majini. Lamu hiyo hiyo imeshaonyesha kwamba watu wake hufikiri juu ya plastiki kuliko wanaowafundisha. Flipflopi, chombo kilichoundwa Lamu kwa plastiki iliyorejelezwa na kuvikwa vipande vya ndara kuukuu, kilijengwa na mafundi wa huko wakiongozwa na Ali Skanda, na mwaka 2019 kikasafiri hadi Zanzibar. Mafundi walichukua kitu ambacho hakijawahi kuundiwa chombo cha namna hiyo, wakakilazimisha kitii umbo la jahazi. Hapo ndipo asili ilipo, ukiitafuta: mkono ni ule ule, kinachobadilika ni kilicho mkononi.

Na mnaopinga mabadiliko madogo, jueni mnayaita makubwa. Mwenye mashua ana njia mbili mbele yake. Anaweza kuvikarabati vyombo vya tanga, pete kwa pete, kamba kwa kamba, viendelee kufaa kazi. Au anaweza kuchoka, akaiacha mashua ioze pwani, akatafuta boti ya faiba na injini kama zile zinazovusha watu kati ya Mokowe na mjini Lamu. Boti hiyo haitaki mlingoti, haitaki kapi, haimhitaji fundi mwenye sikio. Ukimwambia mwenye mashua kwamba kubadilisha kapi ni usaliti, hujaiokoa mashua. Umempa sababu ya kuiacha.

Basi kama kweli unavipenda vyombo hivi, kuna kazi. Ukikodi mashua, usiulize tu kama tanga ni la kienyeji. Uliza kamba zilibadilishwa lini, na maboya ya kuokolea yako wapi. Ukiwa na simu, mrekodi fundi akieleza kwa nini ametupa hili na kubakiza lile, kwa ruhusa yake na kwa jina lake, maana hayo yakienda naye kaburini hakuna duka litakalotuuzia. Ukiwa na makumbusho, nunua makapi yaliyokufa, uandike yalichongwa kwa mbao gani, yalibeba nini na yalivunjikaje. Ukiwa na mgahawa, lipa bei ya kapi jipya kwa kila kuukuu unalotundika. Ukiwa serikali ya kaunti, bolti halali za baharini zikipatikana Lamu kwa bei ya haki zitalinda mashua nyingi kuliko bango lolote la tamasha.

Na ukiwa huna hata kimoja kati ya hivyo, basi usimzuie fundi. Ana maji kujaa saa kumi, na bado kuna rumada mbili za usukani hazijakazwa.