Maopereta wa Kagera wafundishwe kwenye sukari na kahawa

Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Linaingia nchini kwa mlango wa Missenyi, linapita Bukoba Vijijini, Muleba na Biharamulo, kisha linauacha mkoa wa Kagera. Ukisikiliza mazungumzo ya Rwamishenye, mjini Bukoba, kuhusu bomba hilo, utasikia zaidi habari za fidia ya mashamba na za nani aliyepata kibarua cha kuchimba mtaro. Ni mazungumzo ya haki kabisa, maana shamba la migomba ni mali na kibarua ni chakula cha watoto. Lakini fidia hulipwa ikaisha, na mtaro ukishafukiwa mchimbaji hurudi nyumbani. Kazi itakayodumu miaka yote mafuta yatakapokuwa yakisukumwa ni ya opereta, yule anayekaa zamu kwenye mtambo akitazama presha, joto na kasi ya mtiririko, na kuamua vali ipi ifunguliwe na pampu ipi izimwe. Kwa maoni yangu mkoa huu umechelewa kumwandaa mtu huyo, na shule ya kumwandaa tunayo tayari: kiwanda cha sukari cha Missenyi na kiwanda cha kahawa cha Bukoba mjini.

Uzito wa kazi yenyewe hauonekani kwa mtu anayepita nje ya uzio. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi, na yakipoa huganda, kwa hiyo bomba limevikwa vizuia joto na kupitishiwa nyaya za umeme ili mafuta yasishuke chini ya nyuzi joto 50. Njiani kuna vituo sita vya pampu, vinne kati yake Tanzania. Umeme ukikatika kwenye nyaya hizo, au pampu moja ikisimama ghafla, kuna mtu anayetakiwa kujua ana muda gani kabla mambo hayajaharibika, na aanze na hatua ipi. Eneo letu nalo lina yake. Septemba 10, 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera, likaua watu na kuangusha majengo, yakiwemo ya shule za Ihungo na Nyakato. Bomba linapita katika ardhi hiyohiyo. Opereta anayelijua tetemeko kwa kuliishi anaanza na kitu ambacho mgeni atalazimika kufundishwa.

Ajali za mitambo zinaonyesha kwamba kazi hii si ya kumpa mtu yeyote aliyekosa nyingine. Mei 2024, katika kiwanda cha sukari cha Mtibwa, Morogoro, ajali ya mvuke iliua wafanyakazi 11 usiku mmoja. Haikuwa petroli wala gesi. Ulikuwa mvuke, kitu ambacho kila kiwanda chenye boila kinacho. Machi 23, 2005, kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texas City, Marekani, kililipuka wakati mtambo mmoja ukiwashwa upya. Watu 15 walikufa na 180 wakaumia. Uchunguzi ulibaini kwamba mnara ulikuwa ukijazwa kupita kiasi huku kipimo kikionyesha kimiminika kinashuka, kwamba zamu iliyotoka iliandika mstari mmoja tu usioeleweka kwenye daftari, na kwamba mwendeshaji wa chumba cha udhibiti alikuwa amefanya kazi saa 12 kwa siku, siku 29 mfululizo. Bajeti ya mafunzo ilikuwa imekatwa. Miaka 17 kabla ya hapo, Julai 6, 1988, jukwaa la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini liliteketea na kuua watu 167. Pampu moja ilikuwa imefunguliwa vali yake ya usalama kwa matengenezo, watu wa zamu ya usiku hawakupewa habari hiyo, wakaiwasha. Katika ajali hizi mbili za mwisho chuma hakikuwa adui wa kwanza. Mauti yalipitia kwenye makabidhiano ya zamu, kwenye uchovu, na kwenye kuamini geji moja bila kuipima na nyingine.

Mambo hayo ndiyo ufundi wenyewe, na yanafundishika mahali popote penye mchakato usiokatika. Kagera Sugar, kile kiwanda cha Missenyi, hukamua miwa, hupasha juisi joto, huichanganya na chokaa, huichemsha kwa hatua katika matangi ya kupunguza maji, kisha hupika sukari chini ya presha ndogo kuliko ya hewa. Mabaki ya miwa huchomwa kwenye boila kutoa mvuke unaoendesha kazi hiyo yote. TANICA, pale Bukoba mjini, hutengeneza kahawa ya kuyeyuka: buni hukaangwa, husagwa, hukamuliwa utamu wake kwa maji ya moto, na kile kilichopatikana hukaushwa kuwa unga. Kijana aliyesimamia hatua hizo msimu mzima ameshajifunza kusoma kina cha tangi, kulinganisha vipimo viwili vinavyopingana, kuchukua sampuli, kuandika daftari la zamu na kusubiri kibali kabla ya kugusa mashine inayotengenezwa. Akipelekwa kwenye mtambo wa kuchakata gesi wa Madimba, Mtwara, atakuta kemia mpya na hatari kubwa zaidi, lakini nidhamu ataikuta ileile. Tatizo ni kwamba ujuzi wa namna hii mara nyingi hurithishwa kwa kusimama kando ya mzee wa kazi, na mwenye nao anaondoka kiwandani bila karatasi yoyote inayosema anajua nini. Kwa mwajiri wa Tanga au Mtwara, mtu huyo ni kibarua mpya.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini, na mkoa una chuo cha VETA kilichojengwa Burugo kwa msaada wa China. Kinachotakiwa ni fani ya uendeshaji mitambo ya uchakataji inayogawanywa kati ya darasa na kiwanda: miezi chuoni kwa fizikia ya mvuke, presha na vimiminika, miezi ya zamu halisi chini ya opereta mzoefu, na mtihani unaomtaka mwanafunzi awashe na kuzima mtambo mbele ya msimamizi. Mtihani wa karatasi peke yake usitoshe.

Najua pingamizi la kwanza, na lina nguvu. Bomba likishaanza kazi linahitaji watu wachache mno, na wengi wao watakaa kwenye skrini mbali na Muleba. Kiwanda cha Sojo, Nzega, kilichojengwa kwa ajili ya kuyavika mabomba vizuia joto, kilizinduliwa Machi 2024 ikijulikana tangu mwanzo kwamba mabomba yakiisha na kazi yake itakwisha. Nakubali yote hayo. Kwa sababu hiyohiyo ni kosa kumfundisha kijana wa Kagera kazi ya bomba peke yake. Anayefundishwa mchakato kwa ujumla wake ataajiriwa sukari, kahawa, maziwa, bia, saruji, maji ya mji au gesi, na bomba litakuwa mwajiri mmoja kati ya wengi. Wale wanaosema dunia inaachana na mafuta wanapata jibu hilohilo. TIPER ya Dar es Salaam iliacha kusafisha mafuta ikabaki ghala, na kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilichoanza mwaka 1963, kiliacha kusafisha mwaka 2013. Viwanda vya mafuta hufa. Mtu aliyejifunza kusoma mtambo anaweza kuhama, ili mradi anacho cheti kinachotambulika mlangoni kwa mwajiri mwingine.

Pingamizi jingine halisemwi hadharani, ila lipo. Huu ni mkoa unaotaniwa kwa unshomile, yaani kujivunia usomi, na mzazi aliyeuza kahawa kumsomesha mtoto anataka kuona joho la chuo kikuu, si ovaroli. Sina hoja ya kumdharau mzazi huyo, maana digrii zimeinua nyumba nyingi Buhaya. Lakini heshima ya kazi hufuata masharti yake, na hapa sheria yetu haijamtendea opereta haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu siku ya kazi ya saa 12 pamoja na ziada, na nyongeza ya kazi ya usiku ni asilimia 5 tu ya mshahara wa msingi. Asilimia 5 kwa mtu anayelinda boila saa tisa usiku! Kama kweli tunaamini uchovu ulichangia vifo vya Texas City, basi mitambo ya hatari iwekewe kikomo cha siku mfululizo za zamu, na malipo ya usiku yapande. Mzazi ataitazama ovaroli kwa jicho jingine akiona inalipa na inamrudisha mtoto nyumbani mzima.

Waajiri watauliza gharama. Tayari wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, iliyoshushwa mwaka 2023 kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara wanayolipa, na sehemu yake ndiyo inayoendesha VETA. Wabunge wa Bukoba, Muleba na Missenyi wanaweza kudai bungeni kwamba kiwanda kinachopokea wanafunzi wa zamu na kumtoa opereta mzoefu awasimamie kipunguziwe tozo hiyo kwa kiasi cha nafasi kilizotoa. Kiwanda kisichofundisha kiendelee kulipa yote.