Kidonge na Sindano
Msomaji, wako wanenao kwamba mgonjwa wa kisukari akianza kudungwa insulini, kaburi lake limekwisha chimbwa. Heri ameze vidonge. Neno hilo ni uongo, tena uongo uuao. Kidonge cha metformini humfaa yule ambaye kongosho lake lingali likitoa insulini. Je, likiwa halitoi kabisa, kidonge kitafaa nini? Na insulini yenyewe haimezwi, maana tumbo huisaga kama chakula. Mwezi wa Januari 1922, mjini Toronto, Kanada, mvulana wa miaka 14 aliyekaribia kufa alidungwa dawa hiyo. Akaishi miaka 13 zaidi. Kiuacho ni kuchelewa, si sindano. Basi daktari akiiagiza, usiikimbie: hofu haijapata kumponya mgonjwa.